Mfalme Aliyeruka Kama Farasi

Mwenye duka alikuwa na makubazi ya ngozi ambayo, kwa ninavyojua mimi, aliyavua kwa mambo matatu tu: akiingia chumba cha sala nyumbani kwake, akienda kulala, na mfalme wake akishafika mahali salama. Hilo la tatu ndilo ninalotaka kulieleza. Itabidi nizunguke kidogo, maana mtu yule huwezi kumwelezea kwa kumwendea moja kwa moja. Yeye mwenyewe hakuna alikokwenda moja kwa moja.

Duka lake lilikuwa la vitambaa, mtaa wa nyuma ya soko kuu hapa Morogoro, na mimi nilikuwa fundi cherehani wa barazani kwake. Mjini kwetu mambo ndivyo yalivyo: Mhindi anauza kitambaa ndani, fundi anakishona nje, mteja akitoka kwa mmoja anaangukia kwa mwingine. Sikuwa mfanyakazi wake. Cherehani kilikuwa changu, baraza lilikuwa lake, na kati yetu palikuwa na mlango ambao haukufungwa mchana kutwa. Kidato cha nne nilikimaliza, matokeo yake tuyaache. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko vifungo kwenye kopo langu, na yeye alizijua zote, maana nikishona huwa naongea.

Alikuwa mgomvi wa bei. Mama akishuka kutoka Kinole na ndizi zake, akiuza akapata chochote, akaja kununua kanga, watabishana naye mpaka wapita njia wanasimama. Atasema huyu mama anataka kumfilisi, bora achukue duka lote na funguo. Halafu wakishakubaliana anakunjua kitambaa, anapima kwa ile fimbo yake ya chuma, na kabla ya kukata anasogeza mkasi mbele upana wa vidole viwili au vitatu. "Hicho ni cha mkasi," anasema, bila kumtazama mtu. Kila kitambaa kilichotoka dukani kwake kilikuwa na cha mkasi. Alipigania bei kama simba halafu akaigawa kwa vidole, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia mkasi nao una njaa.

Sanda ndiyo pekee hakubishania. Mtu akija kununua sanda, mwenye duka alisimama. Alikata mwenyewe, akakunja mwenyewe, akafunga kwa uzi mweupe, na bei akaitaja kwa sauti ya chini mara moja tu. Awe Muislamu, awe Mkristo, alimsindikiza mpaka ngazi ya baraza. Akirudi ndani haongei mpaka chai ya saa kumi.

Na alikuwa na neno lake, "tuone kwanza." Mvua itanyesha, mzee? Tuone kwanza. Mlimani kumefunga wingu jeusi, vijito vinanguruma, watu wanaanua nguo, yeye anatoa kichwa nje, anautazama Uluguru kama mtu anayesoma bei: tuone kwanza. Watoto wake wako ng'ambo wote, na walikuwa wakimpigia simu kila Jumapili wakimtaka aende kukaa nao, hasa tangu mke wake alipofariki. Niliwasikia kwenye simu, maana aliiweka sauti yote, masikio yalikuwa yameanza kumwangusha. Wakimaliza kumbembeleza anawajibu kwa lugha yao, na mwisho kabisa, kwa Kiswahili, "tuone kwanza." Nilikuwa nacheka. Moyoni nilikuwa nashukuru.

Sasa nije kwenye mchezo.

Ilikuwa masika, wateja hakuna, barabara imekuwa mto. Akatoka ndani na ubao wa sataranji, wa mbao, uliopauka, na mfuko wa kitambaa wenye kete. Ulikuwa wa baba yake. Farasi mmoja mweupe alikuwa amepotea zamani, nikampa bobini tupu ya cherehani ikawa farasi, na farasi huyo wa chuma tulimtumia mpaka mwisho. Akanifundisha. Mfalme, na pembeni yake waziri. Ngamia wanaokwenda mshazari. Farasi wanaoruka. Tembo wanaokaa pembeni na kwenda mbele kama gari moshi. Na mbele ya wote, askari, ambao kazi yao ni kwenda hatua moja moja bila kugeuka nyuma.

Nyeupe huanza, nyeusi hujibu. Yeye siku zote alichukua nyeusi. Sikumbuki hata mchezo mmoja aliotaka nyeupe.

Ukimtazama akianza, unaweza kudhani mtu huyu hana nia ya kucheza. Askari wa mbele ya waziri, hatua moja. Askari wa mbele ya mfalme, hatua moja. Farasi huyu anatoka, lakini si mbali. Farasi yule anatoka, anasimama nyuma ya askari. Halafu askari mmoja wa upande wa mfalme naye anasogea hatua moja, anaacha tundu dogo nyuma yake. Hajakushambulia, hajachukua kete yako yoyote, na nusu nzima ya ubao amekuachia kama mtu anayekwambia karibu, kaa popote. Kisha inakuja ile hatua. Katika sataranji ya kwao, mfalme aliruhusiwa mara moja katika maisha yake yote kuruka kama farasi, alimradi hajatishwa bado. Basi mwenye duka anamnyanyua mfalme kwa vidole viwili, anamrusha, anamtua ndani ya lile tundu, nyuma ya askari wake. Na hapo ndipo nasikia chini ya meza kubazi moja likianguka, halafu la pili. Miguu peku, chai mkononi. Mfalme kafika nyumbani, naye kafika.

Mimi, kwa tabia yangu, nilikuwa nakimbilia vita. Naona uwanja mtupu, natuma waziri. Nikamwambia siku moja, "Mzee, wewe unaogopa."

"Naogopa sana," akasema. "Wewe usiyeogopa, waziri wako yuko wapi?"

Waziri wangu alikuwa kwenye kiganja chake.

Nilipigwa hivyo muda mrefu. Wapiga soga wa mtaani walikuwa wakipita wananiuliza, fundi, leo umezikwa saa ngapi? Sikuelewa ninapigwaje. Yeye hakuwa na shambulio, alikuwa na ukuta tu, na kila nilipougonga, ukuta ulikuwa umesogea kidogo. Nikija kulia, askari wake wa katikati ndipo anapoinuka na kunigonga tumboni. Nikikaa katikati, anafungua pembeni. Ni kama hakuwa ameamua chochote mpaka niamue mimi.

Nilikuja kuelewa nikiwa kazini. Palikuwa na bibi harusi wa Kihonda, kila akija kupima amebadili mawazo, mara kiuno kibane, mara kiachie, mara mikono mirefu, mara itolewe. Sikukasirika, kwa sababu gauni lote nilikuwa nimelipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya muda inayoshika kitambaa kabla ya kupitisha cherehani. Bandi inashika kweli. Ukivaa gauni la bandi ukasimama, linakaa mwilini kama limeshonwa. Lakini ukitaka kubadili, unavuta uzi mmoja, unapanga upya, kitambaa hakina jeraha. Nikiwa na sindano mdomoni nikaacha kila kitu, nikamgeukia mwenye duka mlangoni.

"Mzee, nyeusi yako ni bandi."

Akafikiri. Akatazama gauni, akatazama ubao uliokuwa juu ya kasha. "Na wewe," akasema, "unapitisha cherehani siku ya kwanza."

Tangu siku hiyo nilianza kucheza naye kwa adabu. Sikushinda, lakini nilianza kufa nikiwa mzee.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua, na yeye hakulifikiria. Kijana mmoja wa chuo, aliyekuja kupunguziwa suruali, aliona ubao wetu umepangwa, macho yakamng'aa. Akaniambia kuna mashindano mjini, watu wanakutana kwenye ukumbi, yeyote anaruhusiwa. Mimi tena. Usiku sikulala, nilishajiona nimepanda ndege, nimevaa gauni nililoshona mwenyewe, nacheza na Mrusi. Mwenye duka aliposikia akasema tuone kwanza, lakini Jumamosi ile alifunga duka mapema, kitu ambacho hakufanya hata sikukuu, na siku chache kabla alinipa kitambaa cha kijani nijishonee. Kilikuwa na cha mkasi cha kutosha blauzi ya pili.

Ukumbini nikapewa nyeusi. Nikafurahi. Mwenzangu, mwanafunzi wa sekondari mwenye miwani, akaanza kwa kumrusha askari wake hatua mbili. Nikamtazama kwa huruma, nikafikiri mtoto amekosea. Nikamwambia polepole, mdogo wangu, askari hatua moja. Akanishangaa. Nikainua mkono nikamwita mwamuzi, nikashtaki. Mwamuzi akanieleza kwa upole kwamba askari akiwa hajaondoka nyumbani anaruhusiwa hatua mbili, dunia nzima. Sawa, nikasema, aruke. Mimi wangu watatembea.

Wakatembea. Ukuta ukakaa vizuri, tundu likapatikana, na muda ulipofika nikamnyanyua mfalme kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa, nikamrusha kama farasi, nikamtua tunduni.

Ukumbi mzima ulisikia yule mtoto akicheka. Hakucheka kwa ubaya, alishindwa tu kujizuia. Meza za jirani nazo zikageuka. Mwamuzi akaja akaniuliza nimejifunza wapi. Kwa sheria zao kete ukishaishika lazima uichezeshe, kwa hiyo mfalme akarudishwa, akalazimika kutoka hatua moja mbele kama mtu aliyefukuzwa kwake akiwa amejifunga shuka tu, na hakuchukua muda wakamuua. Mimi mwenyewe nilicheka, mtu ukishaaibika vya kutosha kicheko kinakuja chenyewe.

Jumatatu nikamsimulia nikiwa bado nacheka. Niliiga sauti ya mwamuzi, nikaiga mtoto alivyorekebisha miwani. Nilidhani atacheka pia. Alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja mpaka kikawa kidogo sana, akakikunjua, akaanza tena.

Alijua kwamba wengine wanacheza vingine. Alijua kama unavyojua kwamba jirani anatia nazi kwenye mchuzi ambao wewe hutii. Kwao walicheza hivyo, baba, baba wadogo, ndugu waliokuja na wakaondoka, na siku walipoisha wote mtaani akabaki na mimi. Hakuwahi kufikiri kwamba mimi nitatoka kwenda kula kwa jirani.

"Walikucheka kwa jambo langu," akasema.

Nikamwambia mzee, acha, ni mchezo tu. Chai ya saa kumi ikaja ikapoa.

Wiki ile alimwita yule kijana wa chuo, akamtaka amwonyeshe sheria zote za dunia. Kijana alifanya kwa heshima, shikamoo kwanza, halafu kila kitu taratibu. Akatuambia jambo lililonifurahisha: hata huko kwenye kumbi kubwa wako watu wanaocheza nyeusi kwa hatua ndogo ndogo kama hizi, wanajenga ukuta, wanasubiri, wanachagua baadaye pa kugonga, na mabingwa wanawaheshimu. Hatua moja haijakatazwa popote. Nikamtazama mwenye duka nikitarajia atafurahi. Akauliza, "Na mfalme?"

Kijana akasema mfalme anajificha pamoja na ngome, ndivyo wanavyomwita tembo, wanapishana, na kuruka kama farasi hakuna.

Basi. Tangu hapo mwenye duka alicheza ya dunia. Nyeusi yake ilibaki nyeusi yake, ukuta ule ule, subira ile ile. Lakini ikifika zamu ya mfalme alisita, akamsogeza huku, akamleta yule tembo kule, akaangalia kama amefanya sawa. Alisema anajiona kama mzee anayehamishwa chumba na wajukuu. Na makubazi hakuyavua tena.

Nilimsihi. Nilimwambia, mzee, hapa barazani tupo wawili tu, ruka. Akatikisa kichwa. "Mkono wako utazoea, utakwenda kuruka tena mbele yao." Nikamwambia sitaruka. "Mkono haukusikii," akasema. Nikaacha kumwambia, lakini sikuacha kutamani. Kila mchezo, askari yule wa pembeni akisogea na tundu likaonekana, nilikuwa naacha pedali ya cherehani, nasubiri, labda leo. Nilitaka mfalme wake aruke mara moja tu, nimsikie avue makubazi. Ndoto zangu nyingine zote, ndege na Mrusi, ziliisogelea hii zikakaa nyuma yake.

Mimi nilirudi ukumbini baadaye, nikiwa na nyeusi, nikatoka sare na bwana mmoja mkubwa aliyekuja kutoka Dodoma. Nilipompa habari mwenye duka alifurahi, alitoa njugu, alinifanya nirudie hatua zote. Halafu akauliza mfalme nilimweka wapi. Nikasema nilimficha na ngome. Neno hilo ngome lilinitoka tu. Siku zote tulikuwa tukisema tembo. Akarudia, ngome, kama mtu anayeonja chumvi, akaenda ndani kukata kitambaa.

Ugonjwa uliingia kwa mkasi. Mama mmoja wa Dakawa, mpunga umeuzwa vizuri, alinunua kitenge cha gauni, nikakishona, likawa fupi. Nikapima mara ya pili na ya tatu. Kitambaa kilikatwa pale pale kwenye alama, bila kidole cha ziada. Nikaongeza pindo la rangi nyingine, nikamwambia ndiyo mtindo, akaondoka akitamba. Lakini mimi nilikaa na kile kipande mapajani. Mwenye duka amesahau cha mkasi.

Baada ya hapo vikafuata vile vinavyofuataga. Aliita mitaa kwa majina ya zamani. Alimpimia mteja kitambaa ambacho mteja ameshalipia na kukipakata. Siku moja alisimama na kumkatia sanda mtu aliyetaka shuka, na mtu yule, Mungu ampe heri, alinyamaza akapokea. Jumapili watoto walipopiga simu hawakusikia tena tuone kwanza, walisikia pumzi. Binti yake mkubwa akaja.

Duka lilifungwa, vitambaa vikachukuliwa na mwenzao wa mtaa wa pili, na mimi nikahamishia cherehani Kihonda, nje ya chumba nilichopanga. Binti alikuwa mwema. Alinipigia mwenyewe, Kiswahili chake kikiwa kile cha utotoni kilichokaa kabatini, akasema wanaondoka Alhamisi, na kwamba baba yake amekataa kula ila anataja fundi, fundi, nao mwanzoni hawakujua fundi gani, wa bomba au wa umeme, mpaka mwenzao wa mtaa wa pili alipowapa namba yangu. Nikaenda Jumanne mchana na mfuko wa matunda damu, yale mekundu kama nyanya, kutoka kwa bibi yangu wa mlimani.

Alikuwa amekaa sebuleni, kitini karibu na dirisha linalotazama mlima. Masanduku yamepangwa ukutani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba vizuri sana, kama anavyomwitikia mteja yeyote, akaniuliza nataka rangi gani. Nikasema kijani. Akasema kijani kimekwisha, nije wiki ijayo.

Binti akageuka dirishani. Mimi nikauona ubao juu ya sanduku, pamoja na ule mfuko, nikauliza kama naweza. Nikaupanga kwenye meza ndogo. Farasi wangu wa bobini alikuwepo. Nilimwekea nyeusi upande wake, nikamsogeza askari wangu mweupe hatua moja.

Akautazama ubao muda mrefu. Kisha mkono ukaja, na askari wa mbele ya waziri akaenda hatua moja.

Tukacheza. Sikumshambulia. Nilikuwa naweka kete zangu kama mtu anayepiga bandi, nazo zake zikapanda zikakaa, moja moja, kila kitu mahali pake: farasi huyu, farasi yule nyuma ya askari. Kichwa kilikuwa kimesahau duka, kimesahau mtaa na jina langu, lakini vidole vilikumbuka ukuta wote. Askari wa pembeni akasogea. Tundu likaonekana.

Nikashika kiti.

Akamnyanyua mfalme kwa vidole viwili. Akamshikilia hewani. Akamrusha kama farasi, akamtua tunduni.

Binti alikuwa amesogea nyuma ya kiti. Watoto wake wanacheza sataranji shuleni huko ng'ambo, anaijua. Akainama akasema taratibu, "Papa, mfalme haendi hivyo." Akanyoosha mkono amrudishe.

Nikauzuia mkono wake kwa mkono wangu. Sikuwahi kumgusa kabla, hata salamu tulipeana kwa mdomo.

"Anakwenda, dada," nikasema. "Hapa kwetu anakwenda."

Akanitazama, akamtazama baba yake, akarudisha mkono. Mwenye duka hakutusikia, au alitusikia kama unavyosikia wateja wakiongea barazani. Alikuwa anamrekebisha mfalme kwa ncha ya kidole, mpaka akakaa katikati kabisa ya nyumba yake. Nje wingu lilikuwa linashuka Uluguru. Binti akaenda jikoni kuweka chai.

Chini ya meza nikasikia kubazi moja likianguka, halafu la pili.